Kurudisha udongo na miti kwenye timbo la changarawe: mwongozo wa Malindi na Magarini

Lori la mwisho likishaondoka, timbo hubaki na kuta zilizosimama wima, sakafu iliyoshindiliwa na magurudumu mpaka ikawa kama saruji, na dimbwi la maji ya mvua upande mmoja. Wengi huingia na miche moja kwa moja. Miche hiyo hukauka kabla ya kaskazi kwisha, kisha lawama hutupiwa jua au aina ya mti. Mara nyingi jua halina kosa. Maji yaliachwa yakimbie, sakafu haikupasuliwa, na mche ukatiwa kwenye kishimo kisicho na udongo. Kwenye timbo, mti ni kazi ya mwisho.

Maelezo haya yanamfaa mwenye timbo la ekari moja hadi tano, au kikundi cha kijiji, chenye majembe, sururu, mitaimbo, na pesa za kukodi tingatinga siku mbili tatu ikiwezekana. Yamelenga zaidi matimbo ya changarawe na mchanga mwekundu ya bara ya Malindi na Magarini. Timbo la mawe ya matumbawe karibu na bahari lina shida zake, na limetengewa sehemu yake huko mbele.

Kalenda kwanza

Masika yetu huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kukolea Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, lakini si ya kutegemea. Baada yake, Januari hadi Machi, huwa ni kiangazi cha kaskazi, na hicho ndicho kinachoua miche. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka masika: mboji ianze kurundikwa Novemba, mbegu za miti ziingie kitaluni Desemba, kuta na sakafu zishughulikiwe Januari hadi Machi ardhi ikiwa kavu, mbegu za kufunika ardhi ziingie na mvua za kwanza, na miche Mei, mvua ikishatulia. Anayepanda miti kwa vuli anaipa mizizi miezi miwili tu kabla ya ukame. Afanye hivyo ikiwa tu ana kisima karibu.

Upande wa sheria, usisubiri kuulizwa. Sheria ya Mazingira ya 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha ardhi iliyoharibiwa, na Sheria ya Madini ya 2016 inagusa mchanga, changarawe na mawe ya ujenzi pia. Kama aliyechimba alikuwa na kibali, omba nakala ya mpango wake wa kurekebisha eneo kabla hujatoa hata shilingi moja yako. Huenda kazi unayotaka kuilipia tayari ni wajibu wake.

Ikiwa uchimbaji bado unaendelea

Hapa ndipo unapookoa pesa nyingi kuliko mahali pengine pote. Kabla ya kijiko cha mashine kugusa changarawe, ondoa tabaka la juu la sentimita 20 hadi 30, lile jeusijeusi lenye mizizi, ulirundike kando. Rundo lisizidi mita 2 kwenda juu. Likipita hapo, katikati hukosa hewa, vijidudu hufa na mbegu zilizolala huoza, na baada ya mwaka unabaki na mchanga tu. Panda kunde juu yake ili upepo wa kusi usiupeperushe, na upange kuutumia ndani ya mwaka mmoja.

Usichanganye tabaka hilo na udongo wa chini. Dereva wa mashine hulipwa kwa saa na atapenda kusukuma vyote pamoja, kwa hiyo simama naye siku hiyo.

Kupima kabla ya kuchimba chochote

Chukua kipande cha nondo ya milimita 10, urefu wa nusu mita, uende timboni siku mbili baada ya mvua, au baada ya kulowesha mahali unapopima. Sukuma nondo kwa mikono miwili bila kugonga. Ikizama sentimita 30, mizizi itapita. Ikigoma kwenye sentimita 8 au 10, sakafu imeshindiliwa. Rudia kila hatua kumi na uweke alama ya kijiti penye ugumu. Utaona vijiti vinafuata njia ya malori, na pembeni mwa kuta huenda ardhi ikawa laini bado. Ramani hiyo itakuonyesha wapi mashine ifanye kazi na wapi jembe linatosha.

Jaribio la pili ni la maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, yaache yanywee, kisha lijaze tena na usome yameshuka kiasi gani kwa saa. Chini ya sentimita 2, maji yatatuama na mizizi itaoza. Zaidi ya sentimita 10, ni mchanga usioshika maji, na mboji itahitajika mara mbili.

La tatu ni la chokaa. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, mwagia siki kidogo. Ukichemka mapovu, pana chokaa cha matumbawe, na hilo litaamua miti gani upande na nini usitie kamwe. Upande wa Gongoni na Mambrui onja pia maji ya dimbwi. Yakiwa na ladha ya chumvi, usiyamwagilie miche.

Ukiwa na uwezo, peleka sampuli kwenye maabara ya udongo: zoa sehemu 10 hadi 15 kwa kuzunguka timbo, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa kilo moja. Ndoo iliyobeba samadi au mbolea itaharibu majibu.

Kuta: laza kabla hazijaanguka zenyewe

Ukitaka kuona mchanga mwekundu wa Magarini unafanya nini ukiachwa uchi mbele ya mvua, nenda Marafa ukatazame Nyari. Watalii hulipa kuliona korongo lile. Mwenye shamba akiliona dogo lake linazaliwa nyuma ya nyumba hafurahi hivyo.

Ukuta wa mchanga na changarawe ulazwe uwiano wa 1 kwa 3, yaani kwa kila mita moja ya kwenda juu, mita tatu za kwenda mbele. Njia rahisi ni kukata nusu ya juu na kuishusha ijaze nusu ya chini. Ukuta wa mita 4 ukilazwa hivyo, unakula mita 6 za ardhi ya juu na kujaza mita 6 za sakafu, na udongo unaosogezwa ni mita za ujazo 6 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Ukuta wa mita 50 ni mita za ujazo 300. Kwa tingatinga ni kazi ya siku moja au mbili. Kwa sururu ni kazi ya miezi.

Kabla ya kukata, pima mpaka wa jirani. Mita 6 za juu zikiingia kwake, umeanzisha kesi.

Bila mashine, kata ngazi: kila ngazi mita moja kwenda juu na mita mbili hadi tatu upana, ukianzia juu kushuka. Usianzie chini hata siku moja. Anayechimba mguu wa ukuta ili uporomoke wenyewe anasimama mahali ambapo utaporomokea, na mchanga mkavu hauna sauti ya kukuonya.

Wapo watakaokuja kukuomba wajaze shimo kwa taka bila malipo. Kataa. Kifusi safi cha ujenzi kinaweza kulala chini kabisa, kikifunikwa na angalau mita moja ya udongo. Plastiki, majivu ya jaa na uchafu wa vyoo vitaishia kwenye visima vya jirani, maana changarawe haichuji kitu.

Maji

Kazi hii haina picha nzuri, na ndiyo inayoamua kama nyingine zote zitabaki. Anza nje ya timbo. Chimba mtaro wa kukinga maji mita 3 hadi 5 nyuma ya ukingo wa juu, upana sentimita 60, kina sentimita 40, udongo wake ukitupwa upande wa timbo. Mteremko wa mtaro uwe mdogo, sentimita 50 hivi kwa kila mita 100, na mwisho wake umwage kwenye nyasi au mawe yaliyopangwa, mbali na njia ya watu. Mtaro wenye mteremko mkali hugeuka korongo katika masika mamoja.

Ndani ya timbo unahitaji mistari iliyo sawa kimo. Tengeneza fremu ya A: fito mbili za mita 2 zifungwe kileleni, miguu iachane karibu mita 2, fito ya tatu ipite katikati kama daraja. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha fremu, weka alama uzi unapogusa daraja, kisha geuza fremu ili kila mguu usimame pale mwenzake aliposimama, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo usawa. Fanya hivi asubuhi, kabla upepo haujaanza kuuchezea uzi.

Kwenye sakafu na miteremko midogo, chimba mitaro ya kushika maji kufuata mistari hiyo, kila mita 6: upana sentimita 50, kina sentimita 40. Mtaro huo hubeba lita 200 kwa kila mita ya urefu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye ukanda wa mita 6 ulio juu yake, ni lita 300 kwa kila mita. Nusu ikikimbia, zinafika lita 150, na mtaro unazimeza. Acha kizuizi cha udongo ndani ya mtaro kila mita 5. Ukingo ukipasuka mahali pamoja, utapoteza mita 5 za maji, si mtaro mzima. Udongo utupe upande wa juu, mtindo wa fanya juu, ikiwa unataka ngazi ijijenge polepole. Kwenye mchanga mwepesi sana utupe chini, la sivyo mvua ya kwanza inaurudisha wote mtaroni.

Mitaro hiyo usiiweke kwenye mteremko uliojazwa kwa udongo wa kumwaga. Udongo uliomwagwa ukinywa maji mengi huwa mzito na kuteleza wote kwa mkupuo. Pale panda mistari ya vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu: vipande vya machipukizi mawili matatu, sentimita 10 hadi 15 kutoka kipande hadi kipande, mstari mmoja kwa kila mita moja ya kushuka. Pengo la sentimita 40 kwenye mstari ni mlango wa maji, kwa hiyo rudi baada ya mwezi uzibe mapengo. Vetiva ikikosekana, mchaichai husaidia ingawa mizizi yake si mirefu hivyo. Hata wigo mfupi wa fito na makuti, uliofungwa kwenye vigingi, hushika udongo masika mawili.

Dimbwi la chini kabisa usilifukie bila kufikiri, maana ndilo linaloweza kumwagilia miche. Laza kingo zake ili mtoto au mbuzi akitumbukia aweze kutoka, weka uzio, na tia samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Watoto wasiogee humo: maji yaliyotuama yenye majani na konokono yanaleta kichocho.

Kupasua sakafu

Pasua ardhi ikiwa kavu. Meno ya tingatinga yakipita kwenye udongo mkavu, bonge huvunjika na kuacha nyufa kila upande. Yakipita kwenye udongo mbichi, hukata mfereji na kuusiliba kuta, ukabaki mgumu vilevile. Kina sentimita 50 hadi 60, mita moja kati ya mstari na mstari, kwa kukata mteremko, kamwe si kwa kuufuata. Mashine ikishatoka, hakuna lori wala trekta kurudi juu yake. Udongo wa juu na samadi viletwe kwa toroli, au vishushwe mapema kwenye njia moja utakayoipasua mwisho.

Kwa mikono, usipasue timbo lote. Pasua pale tu penye mashimo ya miti na mistari ya mbegu.

Mashimo badala ya shamba zima

Hesabu hii ifanye kabla ya kupiga simu ya lori. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Kuifunika udongo wa sentimita 15 ni mita za ujazo 600, safari 120 za lori la mita 5. Pesa hiyo hatuna wengi wetu, na udongo huo utatoka shamba la nani? Ukiununua kwa jirani, umehamisha timbo tu.

Lisha mashimo badala yake. Shimo la sentimita 60 pande zote huchukua karibu madebe 11. Tia madebe 4 ya udongo wa juu, madebe 2 ya samadi iliyoiva au mboji, na madebe 5 ya kile ulichochimba baada ya kutoa mawe makubwa. Miche 150 itahitaji mita za ujazo 12 za udongo na 6 za samadi, lori mbili na kitu za udongo na moja na kitu ya samadi. Hizo zinapatikana.

Samadi iwe imekaa miezi mitatu angalau. Mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Kwenye ardhi nyekundu, ambayo huwa na upungufu wa fosforasi, konzi ndogo ya mbolea ya DAP, kama gramu 50, ichanganywe na udongo wa chini ya shimo, isiguse mizizi. Chini kabisa panga makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, tabaka la sentimita 10: hushika maji wakati wa kaskazi. Makumbi yaliyofukiwa baharini kwa kazi ya kamba yana chumvi. Yaache yapigwe na mvua msimu mzima kwanza.

Jaza mashimo mwezi mmoja kabla ya kupanda, udongo ukae. Ukijaza na kupanda siku moja, udongo hushuka sentimita 10 na mche unabaki ndani ya kisima. Penye sakafu inayotuamisha maji fanya kinyume: jaza kupita usawa, panda juu ya kichuguu.

Funika ardhi kwanza

Mvua ya kwanza ya kuloanisha sentimita 15 ikishanyesha, tia mbegu. Kunde kilo 10 hadi 12 kwa ekari zinafunika haraka na kijiji kinakula mboga zake. Mbaazi mistarini, mita moja kati ya mistari, hupasua udongo kwa mzizi wake mrefu na kusimama hadi mwaka wa pili. Fiwi nayo hustahimili ukavu baada ya kunde kukauka. Nyasi aina ya Rhodes, kilo 4 hadi 6 kwa ekari, changanya na mchanga mkavu ili zitawanyike sawa, uzifukie sentimita moja tu. Mbegu ya nyasi iliyofukiwa sentimita 5 haitoki.

Using'oe mabaki. Kata juu ya ardhi, yaache yalale. Mizizi ya jamii ya kunde ibaki chini na nitrojeni yake.

Mathenge, ule mti wa miiba, usiilete hata ukiambiwa inakua bila maji. Ni kweli inakua, na ndiyo shida yenyewe. Mwarobaini nao, pamoja na dawa zake zote, ndege hutawanya mbegu zake na pwani yetu tayari imejaa. Uliopo acha, usipande mwingine ndani ya timbo.

Mvinje kwanza

Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa. Kati ya aina 26 alizojaribu, zilizohimili ni tatu: mvinje, damasi na mnazi. Mvinje ulishinda kwa sababu mizizi yake huishi na bakteria wa Frankia, ambao huchukua nitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti. Bakteria hao hawapo kwenye sakafu ya timbo. Lazima uwapeleke.

Namna ya kuwapeleka ni hii: chimba chini ya mvinje mkubwa wenye afya, kina cha kiganja, uzoe udongo wenye mizizi myembamba yenye vinundu. Konzi mbili kwa kila karai la mchanganyiko wa kitalu unatosha. Mchanganyiko wenyewe ni makarai mawili ya udongo, moja la mchanga wa mtoni, moja la samadi iliyoiva. Mvinje wa kitalu ulio na manjano wakati wenzake ni kijani, ukiung'oa utakuta mizizi mitupu bila vinundu.

Mbegu za mvinje ni ndogo na sisimizi huzipenda mno. Zisie kwenye trei la mchanga lililowekwa juu ya meza, miguu ya meza ikiwa ndani ya makopo ya maji. Miche ikifika sentimita 5 hadi 8 ihamishie vifukoni. Inua vifuko kila wiki mbili ili mizizi isizame ardhini, na mwezi wa mwisho punguza maji, mara moja kwa siku mbili, miche izoee shida. Sentimita 30 hadi 40 ndio urefu wa kupanda. Mche wa mita moja unapendeza macho, ila mizizi yake imejizungusha chini ya kifuko kama chemchemi na upepo wa kusi utaulaza mwaka wa pili.

Panda mita 3 kwa 3, sawa na miche 450 kwa ekari, lakini kwanza jiulize utaimwagilia vipi. Kila mche unahitaji lita 10 kwa wiki kuanzia mvua za vuli zinapokata hadi masika. Miche 450 ni lita 4,500, mitungi 225 ya lita 20 kila wiki, kwa wiki kumi na tano. Miche 150 ni mitungi 75, mkokoteni wa punda wenye mitungi 10 unaimaliza kwa safari nane. Afadhali ekari ipandwe kwa miaka mitatu, theluthi kwa theluthi, kuliko 450 kwa mpigo na mwaka unaofuata kuanza upya.

Toa kifuko chote, usikipasue chini tu. Shingo ya mche iwe usawa wa ardhi. Zungushia kisahani cha sentimita 80, tandaza nyasi kavu au makuti unene wa sentimita 10, ukiacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina. Matandazo yanayogusa shina ni daraja la mchwa. Kwenye udongo mwekundu jivu kidogo kuzunguka, lisiguse shina, huwachelewesha.

Kati ya mivinje chomeka glirisidia, mti wa jamii ya kunde: vijiti vya mita moja na nusu, unene wa kidole gumba cha mguu, vikatwe mshazari chini na kuzamishwa sentimita 30 mvua ikishakolea. Majani yake hukatwa mara mbili tatu kwa mwaka na kutandazwa.

Timbo la matumbawe

Siki ikitoa mapovu, badilisha mambo haya. Jivu na chokaa marufuku kabisa, maana udongo tayari umezidi uchungu wa chokaa na madini ya chuma hayafikii mizizi. Dalili yake ni majani mapya kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Dawa ya polepole ni mboji nyingi. Kuta za jiwe gumu hazina haja ya kulazwa, ila juu yake weka uzio. Shimo likifika sentimita 45 yatosha, mradi upige mtaimbo chini yake mpaka ufa ufunguke. Mvinje, mkwaju na mnazi zinavumilia. Mkorosho upeleke kwenye mchanga mwekundu, hapa utadumaa.

Sindano za mvinje huchelewa kuoza. Bamburi waliwatumia jongoo, wanaozila na kuacha kinyesi kinachogeuka udongo. Kusanya jongoo wakubwa wa mvua za masika, uwaachie chini ya mivinje palipo na sindano nene na unyevu. Chini ya mivinje michanga isiyo na kivuli watakufa kwa joto, kwa hiyo subiri mwaka wa tatu.

Mbuzi, na mambo ya kukagua

Mbuzi kumi wakiingia asubuhi moja, hesabu yote ya juu imekwisha. Matawi ya miiba ya mgunga yanashika mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo panda ua hai wa mkonge kwenye mpaka. Pia kaa na wafugaji mapema: wakate nyasi na kubeba, bila kuchungia ndani, mpaka miti ipite kimo cha mtu. Aliyeruhusiwa kukata nyasi hulinda timbo kuliko seng'enge.

Hesabu miche mara mbili kwa mwaka, Septemba na Aprili. Ikiwa nane kati ya kumi ni hai, jazia mapengo tu. Ikishuka chini ya sita, usinunue mingine kabla hujang'oa mitatu minne iliyokufa na kuitazama. Mizizi myeusi yenye harufu ni maji kutuama. Mizizi iliyobaki na umbo la kifuko ni sakafu ngumu au mche mzee. Shina lenye udongo na uwazi ndani ni mchwa. Ncha za majani zilizoungua upande unaotazama bahari ni chumvi ya upepo, na dawa yake ni mstari wa kinga mbele, si maji zaidi.

Gonga pia nondo chache kwenye miteremko, sentimita 10 zikibaki nje, uzipime baada ya kila masika. Zikionyesha 13, umepoteza sentimita 3 za udongo hapo, na mstari wa vetiva ulio juu una tundu.

Mwaka wa tatu, kivuli kikishatulia na ardhi ikiwa na tabaka la sindano, ingiza miti ya kudumu: mbambakofi, mkwaju, mbuyu, mwembe, na kwenye mchanga mwekundu mkorosho. Kituo cha Gede cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ni mahali pa kuulizia mbegu za miti ya kienyeji. Mbegu ya mbambakofi ichane kidogo ganda jeusi kwa tupa, mbali na ile kofia nyekundu, uiloweke usiku mmoja. Bila hivyo hukaa ardhini wiki nyingi. Iweke katikati ya mistari ya mivinje, mita 6 kwa 6.

Mwaka wa nne au wa tano mivinje hufaa kwa fito na boriti. Kata mstari mmoja na kuacha mmoja, uangushe upande usio na miche michanga, uuze miti na kuacha matawi yote timboni yakiwa yamekatwakatwa. Usiyachome. Mvinje ukishakatwa hauchipui vizuri, kwa hiyo usiguse mstari wowote ambao pembeni yake mche wa kudumu haujafika kifuani.